Sauti ya Somo la Kumi na Mbili

Hospitalini walimwita Mama Pasi. Miaka kumi na moja alinyoosha mashuka kwenye chumba cha mvuke, mpaka kifua kikaanza kumpigia filimbi na daktari akamwambia atoke humo. Nafasi ilikuwepo, dawati la mapokezi, ila kwanza apite mtihani wa Kiingereza cha kuongea, Jumatatu.

Bahati yake, marehemu mumewe alikuwa mwalimu. Kabla ugonjwa haujamlaza alimrekodia masomo ya Kiingereza kwenye simu: vitenzi vinavyobeba kineno mgongoni na maana ikageuka, vitu vya kuhesabika na visivyohesabika, saa na siku na mwezi, kila kimoja na kihusishi chake. Aliuliza, akanyamaza ajibiwe, kisha akasahihisha. Alimjua mkewe nje ndani, hata makosa yake aliyasahihisha kabla hajayafanya. “Hapana, bibie. Rudia.”

Basi tangu amzike, Mama Pasi alikuwa akirudia kila alasiri, mwaka mzima, hadi akayaweza. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Akijibu sawasawa, sauti ilisahihisha kosa lisilokuwepo, kama mume anayeongea na mke mwingine. Hilo lilimkata maini. Akaanza kukosea makusudi, ili waelewane.

Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alimtania kuwa ameolewa na simu. Kisha akaacha utani, akamwonya kwamba ulimi huzoea, na Jumatatu makosa yatamtoka mbele ya wakubwa.

Jumapili alasiri, mdogo wake akikunja nguo pembeni, Mama Pasi alifungua somo la kumi na mbili, la saa na siku. Alilijua kwa moyo. Swali likaja, akakosea kama kawaida, akasubiri.

Kimya. Kikapita mahali pa “hapana”, kikaendelea. Kiti cha mbao kikalia humo ndani ya simu, kama mtu anapoinamia mbele.

“Acha mchezo, bibie. Kesho siulizi mimi.”

Mdogo wake alidondosha shati. “Dada,” akasema polepole, “hayo shemeji aliyasema lini?”

Mama Pasi alijibu swali upya, safari hii sawasawa. Simu haikusema kitu tena.

Alipita. Siku hizi anakaa mapokezi, kifua kimetulia, na somo la kumi na mbili hajalifungua tena. Ila ulimi ukimteleza mbele ya mgeni, hajisahihishi papo hapo. Hunyamaza kwanza, shingo kaiinamisha upande, akisikiliza.

Wageni hudhani anafikiri.