Funguo Kumi na Moja za Simu

Soko huria lilipoingia Arusha, wenye akili zao walikimbilia mitumba na vipuri. Mke wangu, Mchaga wa kweli, alipata kibanda cha viatu ndani ya wiki moja. Mimi, msomi, nikaanza kukusanya funguo za telegrafu. Hongera zangu.

Ufunguo huo haufungui kitu. Ni mkono mdogo wa shaba juu ya kibao. Unaubonyeza kwa vidole, unalia ti, ti, taa, na huko mbali mtu anayezijua alama zake anaandika ujumbe. Baba yangu aliupiga stesheni ya reli mpaka akastaafu, naye ndiye aliyekuwa akiuita ufunguo. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, vyombo vile viliishia kwa wauza vyuma chakavu wa Kaloleni, nami nikawa mteja wao.

Kosa langu ni kuuliza kwa lugha ya baba, aliyeiita telegrafu simu, "Mna ufunguo wa simu?" Miaka ile simu za maofisini zilitiwa kikufuli kwenye duara la namba, watumishi wasiwapigie shangazi zao bure. Nikaletewa funguo za vikufuli, mkebe mzima. Muuzaji mmoja akaninong'oneza, "Bosi, unataka kupiga wapi? Ulaya?" Kaloleni nzima ikanijua kama mwizi wa simu, na ajabu ni kwamba heshima yangu ilipanda.

Za telegrafu nilifikisha kumi na moja. Nilizisugua kwa ndimu na majivu, nikazipanga sebuleni.

"Zinasemaje?" mke wangu aliuliza.

Nikamwambia huo ni urithi, hauulizwi. Ukweli ni kwamba sikujua hata herufi moja. Kujifunza ni kazi, kusugua ni raha.

Kisha baba akapata kiharusi kule kwake Akheri. Mdomo ukafungika, upande wa kushoto ukafa ganzi, mkono wa kulia ukawa unatetemeka kwenye ubao wa kitanda. Nikahamia kumuuguza. Nilichotaka ni neno lake moja tu, hata la kunitukana. Zahanati wakatupa vidonge vya kutuliza mtetemeko, nami nikahakikisha anavimeza asubuhi na jioni, mtoto mwema mimi! Nikampelekea na ufunguo wangu mzuri kuliko yote, nikauweka dirishani auone. Auone tu, usije ukachafuka.

Jumapili moja, baada ya ibada, akaja mzee aliyefanya naye kazi stesheni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akaketi kando ya kitanda, akatega sikio kwenye ule ubao. Akacheka. Halafu machozi yakamtoka.

"Ameanza lini kuongea?"

"Anatetemeka tu, mzee. Tunampa dawa."

"Dawa ya nini? Baba yako anasema uji hauna sukari. Anasema ameomba wiki tatu. Anauliza, huyu mwenye funguo kumi na moja ni kiziwi?"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nililia mbele yao wote wawili, bila aibu. Nikatia sukari kwenye uji, vijiko vitatu, nikamlisha, kisha nikamwomba yule mzee anifundishe. Kabla hajaondoka nikawa nimeshika herufi mbili, zinazotosha kuandika "baba".

Alipokwisha kwenda niliushusha ufunguo dirishani, nikapiga: baba.

Akanijibu. Alijibu kwa kirefu, vidole vikienda mbio juu ya ubao, na mimi sikuelewa hata neno moja.