Nilipokuwa Esigani wa Kompyuta

Kompyuta yetu ilikuwa moja, katika chumba cha nyuma ya duka la vitabu na karatasi mjini Kisii, na mtu haingii humo na viatu. Asubuhi nilikuwa naitoa kitambaa chake cha kufuma, kisha naandika amri nilizozikariri. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini ndani ya kile chumba msomi nilikuwa mimi.

Sababu ilikuwa daftari. Mfumo wa wakati ule uliipa faili jina lisilozidi herufi nane, na sisi tulichapa programu za mazishi na kadi za harusi za watu wengi. Bibi mmoja wa Nyacheki akawa MZNYA04, harusi ya mwalimu wa Kenyenya ikawa HRKEN11. Nani ni nani, daftari langu ndilo lilijua.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, Ekegusii chake, lugha yetu ya nyumbani, safi kuliko Kiswahili changu. Siku moja akaniambia kuna mfumo mpya, fundi yuko tayari kuuweka, lakini yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia.

"Wewe ndiye esigani wangu," akasema. "Kuna ofisi ya chai kule Gesima, wao wameshauoa. Nenda ukaangalie, uniletee habari za ukoo mzima."

Esigani kwetu ni mshenga. Ndiye anayechunguza nyumba ya msichana kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka, na akificha ugonjwa wa ukoo, lawama humfuata mpaka uzeeni. Nakiri nilienda nikitamani kasoro. Amri zangu nilizikariri kwa shida, sikutaka kuanza upya.

Mchapaji wa Gesima, mwanamke mcheshi, alinipisha kiti. "Ipe faili jina," akasema.

"Herufi ngapi?"

"Mpaka uchoke."

Nikaandika: Barua ya mgeni kutoka Kisii aliyekuja kuangalia kama una tabia nzuri. Ikakubali. Nikacheka mpaka nikafuta machozi. Nikaitupa kwenye pipa dogo la taka lililochorwa pale kwenye kioo cha kompyuta, nikaitoa tena nzima. Nikaitupa tena, nikaitoa tena.

"Dada," akaniuliza yule mchapaji, "umekuja kuchunguza au umekuja kuolewa?"

Nilirudi nikijichekea kama mlevi. Nilikuwa karibu kufika nyumbani ndipo nikakumbuka daftari. Faili zikiwa na majina kamili, mtu yeyote atazisoma. Nikaandika mazuri na mabaya, kila upande kwa haki. Mabaya: mashine yake inachelewa kuamka, unaweza kuchemsha chai ikaiva. Inataka kumbukumbu zaidi ya tuliyo nayo. Halafu nikaandika: sitahitajika. Nikaikata, maana hilo si kosa la bibi harusi. Nikaiandika tena, maana esigani hafichi. Hata leo sijui kama nilifanya vizuri.

Mama mwenye duka alisoma kesho yake, miwani puani. "Hii ya mwisho ni kasoro ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Basi haihesabiwi. Kumbukumbu tutaongeza. Na zile faili za zamani, zitajibadilisha majina zenyewe?"

"Hapana, Mama. Ni mtu azibadilishe moja moja, mtu anayejua MZNYA04 ni..."

Nikaligusa daftari langu. Tukatazamana. Yeye ndiye alianza kucheka.

Mfumo ulipowekwa, nilibadilisha majina kwa majuma mengi, na sidhani nimewahi kufurahia kazi vile. MZNYA04 ikawa Programu ya mazishi ya bibi wa Nyacheki aliyeimba kuliko kwaya yake. Familia haikuniomba hilo, lakini ilikuwa kweli.

Siku nilipomaliza, Mama aliingia bila viatu, akafungua mwenyewe kadi ya harusi ya mwalimu wa Kenyenya, hakuniuliza kitu. Iliniuma kidogo, sitadanganya. Halafu nikamwambia asogee kidogo, nimwonyeshe lile pipa.