Mguu wa Kushoto wa Kavutha

Kavutha ni mlinzi katika jengo la ofisi huko Upper Hill. Kutwa husimama kando ya mashine ya kukagua mifuko, na kukaa hakuruhusiwi. Mwaka jana alijitokeza kwenye usajili wa makurutu wa jeshi. Afisa akaona mshipa uliovimba nyuma ya goti lake la kushoto, akamrudisha nyumbani kabla ya mbio. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya mwaka huu. Mwakani umri utamzuia.

Ndipo akanunua soksi za kubana kwa Mutie, muuza mitumba wa Uthiru, mtaa anakoishi. Zilikuwa nyeusi, zinapita goti, na kuzivaa kulimtoa jasho.

"Wanariadha wanalala nazo," Mutie alimwambia. "Asubuhi unaamka na miguu mipya."

Hakuwa amedanganya sana. Kila jioni Kavutha alipanda vilima vya Uthiru kwa mbio, kisha akalala na soksi. Maumivu ya misuli, ambayo mwanzoni yalimfanya ashuke ngazi kinyumenyume, yakapungua. Mshipa nao ulilala. Alipovua soksi alfajiri mguu ulikuwa laini, na ulikaa hivyo kwa muda kabla mshipa haujarudi. Muda huo ungemtosha. Ukaguzi huja kwanza, mbio baadaye.

Kazini, mlinzi mwenzake Kuria alimcheka.

"Si hizo ni soksi za cucu mzee, bibi wa presha?"

"Mlete huyo cucu tushindane mbio."

"Sawa. Utaenda jeshi uniache na hii mashine."

"Nikipita na lori nitakupungia mkono."

Siku ya usajili, uwanjani, alivua soksi akiwa kwenye foleni, akazikunja na kuzitia mfukoni. Alipapasa nyuma ya goti. Palikuwa laini. Kisha afisa akatangaza kwamba mwaka huu wangeanza na mbio.

Aliwaza kukimbia polepole, lakini wa nyuma huondolewa. Akakimbia. Miguu ilimtii kuliko siku yoyote ya mazoezi, na akamaliza wa pili.

"Umekimbia vizuri, dada," alisema afisa wa kike aliyekagua miguu. "Geuka."

Mbio zilikuwa zimeujaza mshipa damu. Ulikuwa mnene kuliko mwaka jana.

"Huu uko nao tangu lini?"

"Ulikuwa umeisha, madam."

"Haujaisha. Nenda hospitali wauangalie. Na upunguze kusimama."

Jumatatu Kavutha alirudi Upper Hill. Kuria alimwona akiingia, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa, akasogea na kumwachia nafasi yake kando ya mashine. Soksi alikuwa amezivaa. Bila hizo mguu humuuma kabla ya saa nne asubuhi. Mtu wa kwanza alifika na mkoba. Kavutha akamwambia atoe simu na funguo.