Kurasa za Mwisho za Bi Tabu

Bi Tabu Shomari wa Mwananyamala alikuwa akiazimisha vitabu vya hadithi barazani kwake, na kila kitabu kilikuwa kimekatwa ukurasa wa mwisho. Aliukata mwenyewe kwa wembe, akaandika pembeni jina la kitabu, akautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukimaliza kusoma unarudisha kitabu, anakikagua kuhakikisha hukufungia maandazi, ndipo anakupa ukurasa wako. Unausoma papo hapo, umesimama, yeye anakutazama usoni. Nadhani raha yake yote ilikuwa hapo.

Utaratibu huo aliuanza baada ya vitabu saba kupotelea Sinza, na ulimfaa miaka mingi. Mtu anaweza kukaa na mali ya wenzake bila haya. Kukaa bila kujua nani alimuua tajiri ni shughuli nyingine. Mimi niliwahi kumwacha mgeni na chai yake mezani, nikakimbilia kwa Bi Tabu na kanga moja.

Mwaka tisini na tatu Venance akafungua banda la video. Alitoka Masasi kuja kuchonga vinyago Mwenge, akaona vinyago vinaumiza mikono, akatafuta televisheni na deki, akazungushia maturubai uani kwake, nyumba ya nne kutoka kwa Bi Tabu. Picha zilikuwa za Wachina wanaopigana. Venance alisimama kando ya televisheni na kifimbo, akitafsiri. Kichina hakujua hata neno, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Hakuna aliyejali, maana mtu akirushwa ukutani hahitaji mkalimani.

Wasomaji wakahamia huko wote. Vitabu kumi na kimoja vilikuwa bado majumbani mwa watu, na hakuna aliyerudi kuulizia mwisho. Hilo lilimuuma Bi Tabu kuliko kukosa wateja. Mwanawe Anwar naye akaona nafasi, kwa kuwa siku nyingi aliitaka baraza ile aweke jiko la chipsi.

"Mama, siku hizi watu wanaangalia, hawasomi," alimwambia. "Dunia ishabadilika."

"Na hizo chipsi, mtu akizimaliza atabaki akizifikiria?"

Wakakubaliana mwisho ni Idi. Kama hakuna aliyerudi kuazima mpaka siku hiyo, vitabu vingeingia uvunguni na jiko lingekaa barazani. Bi Tabu alijifanya hana habari, lakini nilimkuta akilipangusa kopo lake wakati halikuwa na vumbi hata chembe, na roho ikaniuma.

Sasa, kimoja kati ya vile vitabu alikuwa nacho Venance mwenyewe. Alikiazima kabla ya kufungua banda, akakisoma chote, kisha akaona haya kukirudisha. Angepitaje mbele ya mama aliyemchukulia wateja? Bi Tabu hakusahau nani ana kitabu gani.

Wiki moja kabla ya Idi, alasiri, watu wakiwa wamejaa bandani kupitisha saumu, alijitanda ushungi akachukua kopo.

"Mama Revelian," aliniambia, "nisindikize nikaangalie hao Wachina."

Tulikaa benchi la nyuma. Hakumsalimu mtu. Alifungua kopo, akatoa karatasi moja, akaanza kuisoma kwa mwanga uliopenya kwenye tundu la turubai. Mara akatikisa kichwa akasema, "Maskini." Mara akacheka peke yake.

Venance akamwona, na tafsiri ikaanza kupotea njia. Yule Mchina aliyeitwa Li tangu mwanzo wa picha ghafla akawa Inspekta Mlacha.

"Hapa Inspekta anamuuliza, yule nesi mmemficha wapi?" alisema Venance. Kwenye televisheni watu walikuwa wakila tambi.

"Nesi gani?" akauliza mtu wa mbele.

"Yupo. Kafichwa gesti ya Sinza, na anayeshukiwa ni bwana harusi."

"Sinza imefikaje Uchina, braza?"

Venance akasimamisha mkanda.

"Bi Tabu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi."

"Siwezi. Mwezi wa nne huu sina raha. Yule nesi yu hai au kafa?"

"Kitabu changu kiko wapi?"

Alikimbia chumbani akarudi nacho. Bi Tabu alikikagua jani kwa jani, watu wazima thelathini wakimsubiri, na Wachina nao wameganda na tambi midomoni. Kisha akampa karatasi. Venance aliisoma amesimama. Akafika chini, akarudi juu. Akaketi mchangani akajifuta macho kwa fulana.

"Vipi?" watu wakauliza. "Nesi kafanyaje?"

"Siwaambii," alisema Venance. "Mkaazime, mteseke kama mie."

Kabla ya adhana ya magharibi foleni ilikuwa imetoka barazani mpaka barabarani, watu wakigombania kitabu kimoja. Anwar alikuja na futi kupima nafasi ya jiko. Akauliza kuna nini, akaambiwa kuna nesi. Akauliza nesi kafanyaje, hakuna aliyemjibu. Akazunguka nyuma ya mama yake akanyoosha mkono kwenye kopo, na Bi Tabu akalikalia.

"Mama, mie mwanao. Nipe huo ukurasa mmoja tu."

"Anza wa kwanza," alisema Bi Tabu. "Kapange foleni, nyuma ya Mama Revelian. Wewe ni wa kumi na tisa."