Walipokataa kutaja namba: kisa cha system yetu ya maziwa Molo

Wakuu, niaje. Na wale wa kike ambao humu ndani mnatumia majina ya kiume ili mjibiwe bila kutongozwa, niaje pia. Mimi ni mmoja wenu. Mliozoea kuniita bro, hakuna ubaya.

Juzi mtu aliuliza humu kwa nini wasichana hawasomi computer science. Majibu yakawa yale yale: hawapendi hesabu, wanaogopa mashine. Nimeamua kuweka hapa kitu nilichokiona mwaka jana. Sijaongeza chumvi, na pale ambapo sijui nitasema sijui.

Kituo cha maziwa nitakachowasimulia kimefungwa tangu Januari, tangu zile vurugu za baada ya uchaguzi. Mengine mnayajua. Siasa iende kwa thread zingine, tafadhali.

Nilimaliza chuo 2007. Wasichana wa class yetu tulitosha bench moja ya lab, na nafasi ya mabegi ikabaki. Niliporudi nyumbani Nakuru, nikagundua kwamba msichana akisema amesomea computer, watu wanaelewa amesomea kutype. Kila ofisi niliyoingia niliulizwa speed yangu. Dan, tuliyesoma naye, aliingia ofisi hizo hizo akaulizwa kama anaweza kuweka network.

Dan ndiye aliyepata kazi ya ushirika mmoja wa maziwa huko Molo, akaniita tuifanye pamoja.

Zamani mtu akileta maziwa alingoja hapo kwa baridi mpaka karani ayapime huko nyuma, kisha atoke aseme yamekubaliwa au yamekataliwa. Sisi tungemwachilia aende nyumbani, jibu limfuate kwa SMS. Simu moja imeunganishwa na kompyuta kwa cable, basi. Dan alishika upande wa simu. Database na code ya kutuma message niliandika mimi.

Siku ya kuonyesha committee, maswali yote yalielekezwa kwa Dan. Hata nilipojibu mimi, mzee chairman alimshukuru Dan. Hilo nilikuwa nimelizoea. Kilichonisumbua ni kingine.

Wanaoleta maziwa asubuhi ni akina mama. Member, kwa sababu shamba ni lake, ni mzee wa boma. Na wengi wa wazee hao hawako Molo. Wako kazini Nakuru, wengine Longonot. Message ingeenda kwa mtu ambaye hajaona ng'ombe tangu mwisho wa mwezi. Kwa hivyo nilikuwa nimeweka kwenye database nafasi ya simu ya pili, ya yule anayebeba mtungi. Nikawaeleza.

Chairman alinisikiliza vizuri, lazima niseme. Kisha akasema, "Msichana wangu, kompyuta tumeleta ya maziwa. Hatukuileta iingie kwa boma ya mtu."

"Na maziwa inatoka wapi, mzee, kama si kwa boma?"

Walicheka, yeye pia. Lakini jibu lilikuwa hapana. Simu moja, ya member. Halafu wakakubaliana kwamba Dan ataendelea na system, na mimi nikae kituoni asubuhi niingize namba za members. Yaani nitype.

Nilitaka kurudi Nakuru siku hiyo hiyo. Dan akaniomba tusiharibu kazi yetu ya kwanza kwa sababu ya kitu kidogo namna hiyo. Tulibishana sana. Mwishowe nikabaki, kwa sababu code ilikuwa yangu na nilitaka kuiona ikifanya kazi.

Kwa wasiojua vituo hivi: hakuna anayebeba kadi. Kila mama akifika mbele anataja namba ya member kutoka kichwani. Wamezitaja miaka mingi mpaka wanataniana nazo, huyu anamwambia mwenzake namba yake ni ya ng'ombe aliyekonda.

Shida haikukawia. Maziwa ya mama mmoja, nimwite Mama Faith, yalikataliwa kwa sababu yalikuwa yameanza kuganda. Message ikaenda kwa mzee wake Longonot: yamekataliwa, bila kusema sababu. Mama Faith akashinda shambani akijua mambo ni sawa. Jioni mzee akapiga simu ya jirani akimuuliza mama kwa nini anatia maji kwa maziwa. Mama akaenda kituoni kesho yake akakuta mtungi umeharibika wote. Angejua mapema, angefanya mala, yaani maziwa ya kugandisha, watoto wanywe.

Hakuwa peke yake. Wenzake walikuwa na visa kama hicho, na walivisimulia kwa foleni nikisikia.

Jumatatu iliyofuata, mama wa kwanza akaweka mtungi chini. Nikamuuliza namba.

"Sijui."

Nikamwambia Jumamosi alinitajia vizuri tu.

"Uliza ile simu inapata message," akasema. "Iko Nakuru."

Wa pili naye alikuwa amesahau. Wa tatu pia. Hakuna aliyepaza sauti. Walisimama na sweta zao wakipiga stori kama watu waliofika mapema harusini. Mitungi ikajaa mlangoni, dereva wa lori akaanza kupiga honi. Bila namba ya member, system haipokei maziwa. Niliiandika hivyo mwenyewe.

Karani akaniambia niweke zile ninazozikumbuka. Nilikumbuka nyingi. Nikatoa mikono kwa keyboard. Nikamwambia siwezi kuweka namba ambayo mwenyewe hajanitajia, na nikajua kazi yangu huenda imeisha hapo.

Chairman alikuja na gumboots zake, Dan nyuma yake. Akaongea na akina mama, wakamjibu kwa heshima kwamba wamesahau. Akamgeukia Dan amwambie afanye kitu.

Dan akasema, "Mzee, hiyo sehemu aliandika yeye. Mimi siijui."

Sikutarajia aseme hivyo. Chairman akaangalia lori, akaangalia mitungi, ndipo akaniangalia mimi.

"Itachukua muda gani?"

"Iko ndani tayari, mzee. Ni kuwasha tu."

"Washa basi."

Kumbukumbu zikarudi papo hapo. Kila mama alitaja namba ya member na ya simu yake mwenyewe. Asiyekuwa na simu alitoa ya binti yake au ya jirani.

Mama Faith alikuwa ameazima simu ya dadake. Alishafika barabarani nilipomwona akisimama, akaitoa chini ya sweta, akasoma. Maziwa yake yalikuwa yamekataliwa tena. Akarudi, akauchukua mtungi.

"Leo ni mala," akaniambia. "Na mzee atasikia kutoka kwangu."

Wakuu, nimefikiria sana kisa hiki. Je, niliona ile nafasi ya simu ya pili kwa sababu mimi ni msichana? Sijui. Labda ni kwa sababu nimebeba mtungi kwa nyanya yangu, na msichana aliyelelewa mjini asingeiona. Sitaki kuwauzia jibu rahisi.

Ila najua hili. Committee ile ilikuwa ya wanaume watupu, na class iliyotufundisha kuandika code ilikaribia kuwa hivyo. Kosa kubwa la system yetu lilionyeshwa na wanawake ambao hakuna mtu angewahesabu kuwa watu wa kompyuta. Tukisema wanawake ni wachache katika fani hii, mimi sasa nawaza juu ya maswali yanayokosa mtu wa kuyauliza.

Mlio kwa IT humu, tuambieni: system yenu inamtumia nani habari, na mzigo unabebwa na nani? Hata mnaonipinga, karibuni, mradi mje na mfano.