Wino wa Rangi ya Matunda Damu

Mimi ni mwalimu wa gredi ya sita, shule moja ya huku Rhonda, mtaa wa Nakuru, na kama kuna kitu ninachokijua kuliko hesabu, ni wino mwekundu. Watu hucheka nikisema hivyo. Wacheke. Wenzangu husahihisha na biro, ikiisha wanaitupa, maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa na kalamu ya wino, ile ya kunyonya kwa chupa, na maringo yangu nayo hayakuwa madogo.

Nyekundu si moja, usidanganywe. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa imepauka kama juisi iliyoongezwa maji, tena ilipenya karatasi. Mtoto akifungua ukurasa mpya anakuta makosa yake ya jana yamemtangulia. Ya pili ilikuwa na rangi ya nyanya na ilikauka kwenye ncha ya kalamu kabla sijamaliza kuandika "jitahidi". Ya tatu ilikuwa nzuri machoni, lakini tone moja la mvua likiangukia daftari, alama zote kwisha. Mtoto anafika nyumbani anaapa alipata yote, na mzazi atajuaje?

Halafu nikapata hii ya mwisho. Iliuzwa na mama mmoja mwenye kiduka cha vitabu nyuma ya soko, huko mjini Nakuru. Alichovya njiti ya kiberiti, akachora mstari kwenye daftari nililokuwa nimekuja nalo mwenyewe, kwa sababu kwenye karatasi ya dukani kila wino huonekana mzuri. Rangi ilikuwa ile ya matunda damu ukishayakata. Nilisubiri ikauke, nikalamba kidole, nikasugua. Wapi! Haikusonga.

"Mwalimu, hii haitoki," akaniambia. "Itafutie kalamu yake peke yake. Ukiweka kwa kalamu unayoipenda, utalia."

Nikamwambia sawa mathe, nikalipa, nikaenda kuijaza kwenye kalamu ninayoipenda. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kalamu yenyewe ilikuwa ya baba. Alikuwa karani katika shamba la mzungu mmoja upande wa Gilgil, na shamba lile lilipokatwakatwa akapata kipande chake hapo hapo, akajenga. Kalamu ilikuwa nyeusi, nzito, na ndani ilikuwa na kifuko cha mpira cha kuvutia wino. Nilipoajiriwa alinipa na sharti moja tu: nisiweke nyekundu. Kwetu jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa nyekundu. Ukiliandika, umemweka upande wa marehemu. Nilimheshimu mbele yake na kumcheka nyuma yake. Si nimeandika majina ya watoto wa watu kwa nyekundu miaka nenda miaka rudi, na wako pale nje wanapiga mpira?

Baba alipozeeka, aliyemtunza alikuwa dada yangu. Ni mkubwa wangu, amepita hamsini, hakuolewa. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kwenye nyumba ile akimwosha mzee, akimgeuza, akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Baba alimwita "mama", kwa sababu dada alipewa jina la nyanya, mama yake baba. Ndugu zangu wawili wakubwa walikuja Krismasi tu. Walizunguka shamba wakilitazama vile watu hutazama mbuzi siku moja kabla ya sherehe.

Ijumaa moja dada akanipigia simu nikiwa darasani. "Mzee anakuita leo. Kuja na ile kalamu yake."

Nilifika alasiri. Baba alikuwa ameketi kitandani na mito mgongoni, kichwa chake kikiwa timamu kabisa. Alisema maneno machache. Nyumba, na kipande cha shamba kilicho chini yake, viwe vya dada. Kingine chote tugawane sisi wanaume.

"Nisipoandika," akasema, "ndugu zako watamtoa hapa kabla nyasi haijamea kwa kaburi langu. Ataenda wapi huyu?"

Dada alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani. Niliyaandika maneno ya baba kwa biro niliyoikuta kabatini, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali. Kilichobaki ni saini yake, halafu nimwite mzee wa kanisa, jirani yetu, aweke yake kama shahidi. Nikampa baba biro.

"Hapana," akasema. "Saini yangu ya miaka yote ni ya kalamu ile. Nikiandika na hii, watasema ni mkono wako. Nawajua niliowazaa."

"Basi weka kidole gumba, baba."

Loo, heri ningenyamaza. Huyu ni mtu ambaye kila siku ya mshahara alishika vidole vya wafanyakazi akivibandika kwenye wino, mmoja mmoja, watu wazima wenye wake. "Mimi nilishika vya wengine," akasema. "Changu hakijawahi kushikwa, na hakitashikwa."

Nikatoa kalamu mfukoni nikiomba Mungu macho yake yawe yamechoka. Akaishika, akaijaribu kwanza pembeni mwa gazeti, kama karani. Mstari ukatoka mwekundu.

"Uliweka nyekundu," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikatoka nje na beseni. Nilivuta maji, nikayatoa, nikavuta, nikatoa. Maji yakawa mekundu, yakawa ya waridi, nikayamwaga nikaanza upya, yakawa mekundu tena. Kile kifuko cha mpira kilikuwa kimekunywa ule wino, na huwezi kukifungua ukakipangusa. Nikakimbia hadi sentani, kwenye maduka, kutafuta wino wa bluu, nikarudi na chupa, nikajaza. Baba akajaribu tena. Ikatoka zambarau, na kingo zake nyekundu.

"Bado iko na damu."

Hapo nikapandwa na hasira, nikapaza sauti kwa mzee mgonjwa. "Baba, ni rangi tu! Haki ya Mungu, ni rangi! Saini tumalize!"

Dada akainuka, akapiga magoti kando ya kitanda. Sijawahi kumwona akiomba kitu maishani mwake. "Baba, weka kidole. Usiangalie aibu. Nifanyie tu mimi."

Mzee akamshika kichwa. "Kesho, mama. Ailoweke mpaka asubuhi. Kesho nitakuandikia vizuri."

Nilimwaga wino uliobaki, nikaiacha kalamu kwenye bakuli la maji mezani, nikalala kwenye kochi. Asubuhi dada alimpelekea uji, na uji ukamtoka kando ya mdomo. Upande wa kulia ulikuwa umekufa wote, mkono na mguu, na ulimi nao haukutoa neno. Tulimkimbiza hospitali Nakuru. Alikaa siku chache, akaenda. Asubuhi ile, kabla hatujambeba kwenda hospitali, nilipita mezani nikaona maji ya bakuli yalikuwa safi kabisa; kalamu ilikuwa imetakata.

Tulimzika, na wiki iliyofuata tukaketi kama familia. Mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Dada alileta ile karatasi akiwa ameikunja ndani ya Biblia. Ndugu yangu mkubwa akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Huu ni mwandiko wa mwalimu," akasema. "Saini ya baba iko wapi?"

Dada akaeleza. Alieleza vizuri, kuhusu kalamu, kuhusu maji, kuhusu kesho. Ndugu yangu akacheka kidogo. "Yaani mzee akatae kuandika sababu ya rangi? Wewe ndiye unayetaka nyumba, lazima useme hivyo." Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwa hapo na wewe huna haja na hiyo nyumba. Wewe ukisema, tutakubali. Baba alisaini?"

"Hapana."

"Ulimpatia asaini?"

"Nilimpa."

"Akakataa?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mzee wa kanisa, wake za ndugu zangu, na dada. Neno moja tu lilihitajika, niseme alikataa nini. Niseme hakukataa karatasi, alikataa uchafu niliomwekea kwenye kalamu aliyonikabidhi kwa mkono wake. Nilikuwa na aibu. Hilo ndilo nililojiambia baadaye, kwamba ilikuwa aibu. Lakini wacha nijivue nguo kabisa: nilikuwa pia nimeshawaza kwamba nyumba na kipande kile vikirudi kwenye hesabu, fungu langu litakuwa kubwa zaidi.

"Alikataa," nikasema.

"Sema kwa nini," dada akasema polepole. "Mwalimu. Waambie kwa nini."

Niliangalia viatu vyangu. Ndugu yangu mkubwa akakunja karatasi, akaiweka mfukoni mwake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye jambo lingine. Halikuwepo. Tukafunga kwa maombi.

Walimpa mwezi mmoja ahame. Alipata chumba cha kupanga Lanet, karibu na mama mmoja anayeimba naye kwaya. Siku ya kuhama, hao ndugu zangu hawakuonekana, basi nikaenda mimi. Alikuwa amefunga vyombo vyake kwenye leso mbili. Blanketi za baba alikuwa amezifua na kuzianika, zikakauka, akazikunja. Nikamwambia nitakuwa nikimtumia kitu kila mwezi. Nikamwambia nilibanwa pale kikaoni, kwamba maneno yalinipotea.

Alifunga fundo la leso ya pili, akalijaribu kama limeshika. Hakulia, wala hakuinua sauti.

"Baba alikataa rangi," akasema. "Wewe ulinikataa mimi."

Pick-up ilikuwa inanguruma langoni, dereva anapiga honi. Nikajitwisha godoro lake nikalipeleka mpaka nje, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kulibeba.