Benchi la Kutazama Mto

Nilipokuwa nikitunza wazee huko Uswidi, nyuma ya nyumba yao ulipita mto mdogo, si mpana kuliko ule wetu wa kijijini Kibugu. Ulitoka msituni, ukapita chini ya daraja la mbao na karibu na kiwanda kikuukuu cha kupasulia magogo, kisha ukaingia ziwani. Ukingoni walikuwa wameweka mabenchi. Watu walikuja, wakakaa, wakautazama, wakaenda zao. Hakuna aliyebeba hata kikombe cha kutekea maji.

Jambo hilo liliniudhi, sijui kwa nini. Jioni moja nilitoka kazini mgongo ukiniwaka kwa kuinua watu vitandani, nikateremka huko. Nilipoanza kupanda kurudi, niligundua shingo yangu imeinama yenyewe, kana kwamba nina mtungi wa maji mgongoni na kamba yake imenikaza kwenye paji la uso. Mikono mitupu, mgongo mtupu. Nikageuka, nikajitupa kwenye benchi, nikampigia mama simu Kibugu.

“Maji ya mto huo hutekwa na nani?” aliuliza.

“Hakuna, mama. Wanautazama tu.”

Nilidhani atacheka. Badala yake alishusha pumzi kama mtu anayetua mzigo.

“Basi kaa uutazame vizuri, mwanangu. Mimi huu wetu nimeteka maji yake tangu niolewe, na sijui unafanana vipi. Kwenda ni mbio, kurudi naona miguu yangu tu.”